Maji Hayapigi Kura

Hebu tujiulize, wasomaji wenzangu: mtu akichaguliwa na watu wa wadi moja, je, ana deni lolote kwa watu wa wadi ya pili ambao hawakumpa hata kura moja? Siulizi kwa upande wa sheria. Kisheria kila wadi ina diwani wake, basi. Mie nauliza kwa upande wa dhamira.

Kampeni za Oktoba 2025 nilizisikiliza mikutanoni na vibarazani. Wagombea udiwani ndio hasa niliowategea sikio, kwa kuwa hao ni watu wa mitaani mwetu, tunawajua mpaka majina yao ya utotoni. Ilipokuja habari ya mabadiliko ya tabianchi, niliwasikia wakiimba nyimbo mbili tu. Mmoja akisema: haya wameyaleta wenye viwanda wa Ulaya na Marekani, sisi tutafanya nini? Mwengine akisema: nipeni kura, nitawachimbia mtaro, maji hayatotuama tena mtaani kwenu. Watu wakapiga makofi.

Wimbo wa kwanza una ukweli ndani yake. Bahari ya dunia imepanda kiasi cha sentimita 20 tangu 1901, na si sisi tulioipandisha. Wanawake wa Paje na Jambiani walianza kulima mwani wa kuuza mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadaye wakauona ule wenye bei nzuri, kotonii, ukiwafia kwa maji kuzidi joto. Kosa lao nini? Hawana kosa. Lakini kutokuwa na kosa si ruhusa ya kukaa kitako. Jirani akikuchomea nyumba utamshitaki, naam, ila kwanza utatoa watoto nje.

Wimbo wa pili ndio unaonitia shaka, maana ni mtamu. Mtaro unayapeleka wapi maji? Kwetu ni bondeni. Masika yakikaza, magodoro tunayapandisha juu ya makabati. Miaka michache nyuma mtaa ulio juu yetu, ambao ni wa wadi nyengine, ulichimbiwa mtaro. Wenyewe wakashukuru, na wana haki ya kushukuru, kwani watoto wao walikuwa wakienda skuli viatu mkononi. Ila mtaro ule ulikomea pale wadi yao ilipokomea. Kuanzia hapo maji yakajitafutia njia yenyewe, na njia ikawa ukumbini kwetu. Diwani aliyeuchimba hakusema uongo, hakuiba, na ahadi aliitimiza. Je, alitenda haki?

Mie nasema hapana. Kumtua mtu mzigo kwa kumtwika mwengine si kuuondoa mzigo. Na kumtwika yule ambaye hawezi kukunyima kura ni uonevu, hata kama nia ilikuwa njema. Sisi tunaojifunza kuandika hadithi tumezoea kumchora kiongozi mbaya kuwa ni mwizi mwenye kitambi. Huyo ni rahisi kumchukia. Aliye mgumu kumwandika ni mtu mwema anayewadhuru wengine kwa kutimiza ahadi yake.

Wapo watakaoniambia hii ni kudra, mvua ni ya Mungu. Sibishi, mvua ni ya Mungu. Lakini ruhusa ya kujenga bondeni hutolewa na binadamu, na taka zinazoziba mtaro hutupwa na binadamu. Hata jina la Darajani ni ushahidi: hapo palikuwa na daraja la kuvukia mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono huo ulifukiwa katika karne ya 20, na leo tunapita juu yake na vikapu vya soko. Watu walioweza kuifukia bahari hawawezi kusema kwamba maji ya mvua hayawahusu.

Wengine watasema diwani hana fedha. Kweli, ukuta wa Mizingani na mitaro mikubwa ya mjini imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, si kwa mfuko wa wadi. Lakini diwani ana sauti barazani, na kwa sauti hiyo anaweza kukataa bonde lisifukiwe na mkondo usizibwe. Tabu ni kwamba neno "hapana" halipigiwi makofi.

Tena neno hilo lina uzito wake. Kwa sensa ya 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Kwa sensa ya 2022 wamefika 893,169. Karibu laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi, na mwenye mfuko mdogo ndiye anayeishia bondeni. Mgombea anayemkataza maskini kujenga huko, asimwonyeshe pahala pengine, naye anafanya dhulma ileile ya mtaro: anasukuma shida kwa mnyonge.

Wenzetu wa Uholanzi, ambao robo ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari, wana mabaraza ya maji yaliyoanza tangu karne ya 13. Leo yako 21, na wajumbe wake wengi hupigiwa kura. Mipaka ya mabaraza hayo kwa kawaida hufuata mikondo ya maji. Kwa hiyo aliye juu na aliye chini hukaa baraza moja na kutazamana usoni. Sisi mipaka yetu hufuata njia na mitaa, wakati maji hufuata mkondo.

Basi mpaka hapo mipaka itakapobadilishwa, kazi ya kumkumbuka jirani wa chini ni ya mpiga kura. Mwaka 2030 watakuja tena na ahadi za mitaro. Tusiwaulize tu watachimba lini. Tuwaulize maji yetu watayapeleka kwa nani, na kama mtu huyo wamekwisha kukaa naye wakazungumza. Atakayesema amezungumza naye, mie nitampa kura yangu, hata kama mtaro wake utachelewa mwaka mzima.