Naye Askari Mzee Apate Mwenzi Chomboni

Huko Marekani watu wenye mashua za kuvulia samaki wana desturi moja ambayo sisi twaiona njema, wala hatuoni haya kuisifu ingawa haikuanzia kwetu. Siku moja katika mwaka, au zaidi, huziacha shughuli zao, huwachukua askari waliostaafu, hasa wale waliorudi vitani na majeraha, wakawapeleka ziwani kuvua samaki aitwaye besi. Hawalipwi kitu. Mwenye mashua hushika usukani, huonyesha mahali penye samaki, hutia chambo kwa yule ambaye mkono wake hauwezi tena, basi. Mwaka 2005 nahodha mmoja mstaafu wa jeshi la majini la nchi hiyo, Ed Nicholson, alianza kuwafundisha uvuvi wa mshipi askari waliokuwa wakiuguzwa katika hospitali ya Walter Reed mjini Washington. Kutokana na jambo hilo dogo kilizaliwa chama kizima, Project Healing Waters, ambacho kazi yake ni hiyo hiyo ya kuwapeleka majini watu waliojeruhiwa.

Huyo besi, tuseme kwa kupita, si mgeni kabisa katika Afrika ya Mashariki, maana Wazungu walimleta katika Ziwa Naivasha, nchi ya Kenya, tangu miaka ya 1920, kwa ajili ya mchezo wao. Bahari ya Unguja haimjui. Lakini inao chewa, na changu, na tasi, wala hatudhani kwamba askari mzee atanung'unika kwa badiliko hilo.

Twaitaja Unguja kwa makusudi. Uko mtaa kusini ya Mji, kando ya njia iendayo kiwanja cha ndege, uitwao Kiembe Samaki. Jina lina samaki ndani yake, ingawa wengi wakaao humo siku hizi huwaona samaki katika soko la Mwanakwerekwe tu, wakiwa wamekwisha lala juu ya meza. Na bahari si mbali: mtu mwenye baiskeli hafiki kuchoka kabla hajaiona pwani ya Mbweni. Katika mtaa kama huo, sawasawa na katika mitaa ya Tabora, ya Songea na ya Musoma, hamkosi mzee mmoja au wawili ambao jirani zao husema tu kwamba zamani walikuwa jeshini. Neno hilo likisemwa, mazungumzo hugeuka.

Nani hao? Wale waliopigana na Wajapani katika misitu ya Burma mwaka 1944 karibu wote wamekwenda zao, Mungu awarehemu. Lakini waliokwenda Kagera wapo. Majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini mwetu mwishoni mwa Oktoba 1978. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Na kijana aliyekuwa na miaka ishirini alipovuka mto ule amekwisha pita sasa miaka sitini na mitano. Wapo pia walio vijana zaidi. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki, mashariki ya Kongo, askari wa Tanzania wasiopungua 14, waliokwenda kulinda amani ya watu wengine, waliuawa kwa usiku mmoja, na wengi wakajeruhiwa. Tuliwalilia waliorudi katika majeneza. Je, waliorudi kwa miguu yao tumewauliza habari gani?

Kila mwaka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huweka mashada na silaha za jadi penye minara, na tarumbeta hulia. Ni vema hivyo. Lakini mnara hauna shida ya kulala usiku. Mzee yule anayo. Mkewe ajua jinsi anavyoshtuka mlango ukibamizwa, na watoto wamefundishwa wasimwamshe kwa kumgusa bali kwa kumwita kutoka mbali. Mambo hayo familia huyaficha, wengine wakidhani ni ukali wa tabia, wengine wakinong'ona habari ya mashetani. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliandika jina la ugonjwa huo katika vitabu vyao. Lakini wake za askari walikuwa wanaujua tangu zamani bila jina.

Sasa tufungue Injili ya Mt. Yoane, sura ya ishirini na moja. Sisi tumeisoma mara nyingi tukiharakia muujiza wa samaki mia moja na hamsini na watatu, tukayaruka maneno ya mwanzo. Mt. Petro amekwisha yaona mateso ya Bwana wake. Alikuwa na upanga bustanini, akautumia, akaambiwa aurudishe. Kisha usiku ule ule, penye moto wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu, akamkana mara tatu. Naam, Bwana amefufuka, na Petro amemwona. Hata hivyo moyo wake haujatulia. Basi jioni moja awaambia wenzake kwamba yeye aenda kuvua. Hatoi sababu. Nao wenzake, watazameni! Hawamwulizi kwa nini, wala hawamkumbushi kwamba aliitwa awe mvuvi wa watu. Wasema tu kwamba nao watakwenda pamoja naye, wakaingia chomboni, wakakesha bila kupata kitu.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye kazi tunayoisema. Si kila mtu awezaye kuponya nafsi iliyojeruhiwa, na ole wake ajidhaniaye kuwa aweza. Lakini kuingia chomboni pamoja na mtu, na kukaa naye, samaki wale wasile, hilo lawezekana kwa kijana yeyote mwenye Jumamosi moja ya bure.

Tena Bwana mwenyewe alifuata taratibu hiyo. Alfajiri alisimama pwani, amekwisha washa moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Petro hakuweza kuuona moto ule asiukumbuke ule mwingine. Lakini Yesu Kristu hakuanza na swali. Alianza na chakula. Walipokwisha kula ndipo alipomwuliza Petro kama ampenda, mara tatu, kwa kadiri ya makano yake. Sisi Wakristo wa leo, kwa wema wetu wenye pupa, mara nyingi twageuza mambo: twaanza na maswali, tena ya udadisi. Uliua wangapi, mzee? Ulimwona Amin? Kisha twashangaa akinyamaza.

Vijana wa VIWAWA wa parokia za Unguja, na wa kila mahali penye bahari, ziwa au bwawa, twawaomba wayafikiri haya. Na kwa kuwa maneno matupu hayaelei, tuseme kidogo juu ya namna ya kufanya.

Kwanza atafutwe mvuvi wa kweli. Kijana ajuaye kuogelea si mvuvi. Nahodha wa Unguja yaelekea sana atakuwa Mwislamu, na pengine mzee mwenyewe pia. Vema sana, risasi za Kagera hazikumwuliza mtu dini yake, wala huruma isiulize. Lakini msichague Ijumaa, wala mwezi wa Ramadhani, na mkichagua Jumapili mtakuwa mmejinyima Misa Takatifu wenyewe. Uliza kwanza habari ya maji. Wakati wa bamvua mkondo huvuta mshipi hata mgeni asijue kama ameguswa na samaki au na bahari. Maji mafu humfaa zaidi mtu asiyezoea. Sikilizeni Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ikisema kusi limechafuka, kaeni pwani mnywe chai. Kila mtu avae boya lake. Upande huo wa kusini mtakiona kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa. Miamba yake imehifadhiwa tangu mwaka 1994, msiende kuvua hapo. Tena ni katika maji ya karibu na kisiwa hicho ilipozama Skagit tarehe 18 Julai 2012, hata mwaka haujatimia tangu Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Katika Unguja ni nyumba chache zisizokuwa na msiba wa bahari. Basi mzee akisema hataki kupanda chombo, asibembelezwe. Gati nayo yavuliwa kwa mshipi.

Jambo la pili lina uzito kuliko la kwanza, nalo ni picha. Tumechoka, twasema wazi, na hisani ipigwayo picha. Mzee hukabidhiwa kilo tano za mchele, watu kumi wakaushika mfuko mmoja, wote wakitazama kamera isipokuwa yeye. Askari mzee si mwombaji. Alifundishwa kusimama wima, na aibu ya kupokea mbele ya watu humwuma kuliko njaa. Chomboni mambo ni mengine: wote mmelowa, wote mmechomwa na jua, na huenda yeye amevua watatu nawe hujapata hata mmoja. Mwache akucheke. Akijua kufunga ndoana kuliko wewe, mpe mshipi wako akufungie.

Akisema neno juu ya vita, sikiliza. Akilisema mara mbili, sikiliza mara mbili. Usimpe hotuba, usimwambie kwamba yamepita. Kwake yeye hayajapita. Na ukiona kwamba mzigo wake wazidi nguvu za urafiki, kwamba ataja kufa, au hali, au awapiga watu wa nyumbani mwake, basi zungumza na jamaa zake wampeleke kwa waganga wa hospitali. Kule Unguja iko Kidongo Chekundu, na imetupasa sisi sote kuacha kulitaja jina hilo kwa mzaha, kwa sababu mzaha wetu ndio uwafungiao wagonjwa nyumbani. Siku ya kuvua si dawa ya hospitali. Ni siku moja tu ambayo mtu alikuwa na mwenzi.

Hapana shaka yuko atakayetuandikia kwamba Kanisa lina kazi kubwa kuliko kuwatembeza wazee baharini. Twamkumbusha Mt. Inyasi wa Loyola, aliyekuwa askari mwenye majivuno mengi, akavunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Alilala kitandani miezi mingi akiuguzwa na jamaa zake. Aliomba hadithi za mashujaa asome. Nyumba haikuwa nazo, wakampa walichokuwa nacho, maisha ya Yesu Kristu na ya watakatifu. Aliyempelekea vitabu vile hakujua kwamba anaanzisha Shirika la Wajesuiti. Alimwona mgonjwa amechoshwa na kulala, basi akamletea kitu.

Enyi akina mama wa WAWATA, ninyi ndio mjuao nyumba ipi ina mzee wa namna hiyo, maana mkewe huwaambieni kisimani na jumuiyani yale asiyomwambia Padri. Mwulizeni kwanza mke huyo. Hakuna ajuaye kuliko yeye kama mumewe apenda asubuhi au alasiri, na kama kelele ya mashine ya boti itamwudhi, ili itafutwe ngalawa ya tanga.

Na jioni mkirudi, samaki wote ni wake. Msigawane pwani. Mfungieni mtungo, mumpe aushike mwenyewe, nanyi mchukue mishipi na maboya, mtembee nyuma yake kidogo kupita Kiembe Samaki hata mlangoni kwake, ili watu wa barazani wamwulize yeye, wala si ninyi, kwamba leo bahari imetoa nini.