Mtoto Anapomlea Mtoto: Dhima Ni ya Nani?



Mwenye kufika Moshi, akapita Majengo na Pasua, kisha akapanda mlimani hadi Machame, Uru au Marangu, huiona nchi yenye neema: migomba, kahawa, na mifereji ya maji inayoteremka kutoka msituni. Lakini katika baadhi ya nyumba zilizomo ndani ya neema hiyo, yumo msichana wa miaka 11 au 12 anayeamka kabla ya jua. Huteka maji, hukata majani ya ng'ombe wa zizini, huwasha moto, humwogesha mdogo wake na kumvisha sare, ndipo naye akimbilie shule hali amekwisha chelewa. Wazazi wake hawakufa. Baba yuko Arusha au Dar es Salaam katika biashara, na tangu sikukuu hajaleta habari wala senti. Au yuko hapo hapo, lakini siku yake yote huishia kwenye mbege. Mama ameolewa kwingine, au amekata tamaa.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya mlimani tu. Tanga, Mombasa na Unguja pia wamo kina baba wa barazani, shavu limejaa mirungi, na nyumbani mtoto wa kwanza ndiye mzazi.

Nasi majirani husemaje? Husema, "Mashaallah, mtoto yule ana akili ya utu uzima." Swali langu kwako, msomaji, ni hili: je, sifa hiyo ni haki yake, au ni njia yetu ya kuikimbia dhima?

Tuanze na sharia. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa mwambao tunaifuata, wamesema kuwa nafaqa ya lazima, yaani chakula, nguo na makazi, hupanda kwa wazazi na hushuka kwa watoto na wajukuu; haiendi ubavuni kwa ndugu. Baba akiwapo naye ana uwezo, dhima ni yake. Akikosekana, humwendea babu. Mahanafi wamemwingiza ndugu mwenye uwezo, lakini hata wao hawakumvua baba mzigo wake. Tena mtoto asiyebaleghe kalamu haimwandikii dhambi. Basi mdogo akilala na njaa, au akiungua jikoni, dada yake wa miaka 12 hana kosa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi waliolelewa hivyo hukua na hatia isiyo yao, wakijilaumu kwa deni ambalo hawakulikopa.

Tunaye mfano mwema katika Jabir bin Abdillahi, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Baba yake aliuawa shahidi katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, akamwachia madada wadogo, saba au tisa kwa kutofautiana mapokezi, pamoja na madeni. Jabir akaoa mwanamke aliyekwisha olewa kabla. Mtume (s.a.w.) alipomuuliza kwa nini hakuoa mwanamwali, alieleza kuwa alitaka mtu wa kuwachana nywele madada zake na kuwasimamia. Mtume akalipenda jambo lake, akamwombea baraka.

Lakini tazama. Jabir alikuwa mtu mzima, si mtoto. Baba yake alikufa, hakuwatelekeza. Na wenzake hawakumwacha peke yake: Mtume mwenyewe alikwenda kwenye tende zake, akasimama naye mpaka wadai wakalipwa. Basi anayemsifu mtoto kwa ujabir wake, kwanza aende akasimame kwenye tende zake.

Huenda mtu akasema: "Kazi humkomaza mtoto, hata sisi tuliwabeba wadogo zetu mgongoni." Kweli, na jambo hilo ni jema. Lakini kumbeba mdogo mama akiwa anapika ni malezi; kumbeba kwa kuwa hakuna mwingine wa kumbeba ni kunyang'anywa utoto. Ukitaka kupambanua, uliza: mtoto huyu akiugua leo, nani atapika? Jibu likiwa "hakuna," basi huo si msaada, ni dhuluma.

Wengine huogopa kusema wakidhani ni kufichua siri ya nyumba. Sitara ni kwa mtu aliyeteleza baina yake na Mola wake, si kwa anayemdhulumu mnyonge. Hata sheria za nchi ziko hivyo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye habari za mtoto anayenyimwa haki zake azifikishe kwa serikali ya mtaa au ya kijiji. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake ya watoto mwaka 2011. Basi wazee wamwendee baba kwanza, wamkabili kwa upole kisha kwa ukali. Akikataa, waitwe babu, ami, mjomba na shangazi. Wakishindwa, yuko afisa wa ustawi wa jamii.

Nawe mwalimu, wa shule au wa chuo, mtoto akichelewa, uliza kabla ya kushika bakora. Mwaka 2016 ada za shule za serikali ziliondolewa hadi kidato cha nne, lakini kusoma bure hakumfai mwenye mtoto mgongoni.

Na wewe uliyelea mdogo wako, jua kwamba ulilofanya ni ihsani, nayo kwa Mola haipotei. Wema kwa wazazi umebaki juu yako, lakini wema si kusema uongo kwamba walikulea. Nawe uliyelelewa, ukiwa mtu mzima leo, usingoje dada yako akuombe.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Sembuse mkono wa mtoto?