Mtu Mzima na Elimu Mpya

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, na methali hii imetumika kwa muda mrefu kuwafungia watu wazima mlango wa darasa. Karani aliyepiga taipu miaka 25, kisha akaambiwa na ofisi yake kwamba taipureta zinaondolewa na kwamba ajifunze kompyuta, huisikia kwa wenzake, na pengine nyumbani kwake, kabla hajashika kitabu. Huambiwa kana kwamba shauri limekwisha hukumiwa: amekauka, na akikunjwa atavunjika.

Methali yenyewe, ikitazamwa vizuri, haisemi hivyo. Ndani yake wamo wawili, mkunjaji na mkunjwa. Ni usia kwa mzazi na mwalimu juu ya mtoto ambaye bado hana umbo lake mwenyewe. Mtu wa miaka 48 anayekwenda kujifunza kazi mpya hakunjwi na mtu. Anajikunja mwenyewe, na hilo ni tendo la namna nyingine, lenye maumivu ya namna nyingine. Swali si kama akili yake ingali inaweza. Swali ni kitu gani hasa anachotakiwa kukiacha mlangoni.

Anayedhani kwamba kinachomtatiza mtu mzima ni kumbukumbu tu, na aende akatazame darasa la jioni la kompyuta katika mji wowote wa pwani. Mwalimu ni kijana. Anapoingia, adabu ya shule inataka wanafunzi wamwinukie. Adabu ya nyumbani inataka yeye awaamkie wanafunzi. Aghalabu kijana husema “Shikamooni”, wazee huitikia “Marahaba”, na muda si muda yule yule aliyeamkia humwambia aliyeitikia kwamba amebonyeza pasipotakiwa. Hapo ndipo penye uzito. Aliyezoea kuulizwa sasa ndiye anayeuliza, tena mbele za watu. Kinachokunjwa si akili, ni cheo.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili unapatikana mbali na pwani, katika maisha ya Dorothy Vaughan, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1910. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika mji wa Farmville, jimbo la Virginia, hadi mwaka 1943, pale vita vilipoifanya maabara ya utafiti wa ndege ya Langley kutafuta wanawake wajuao hesabu. Wanawake hao waliitwa “kompyuta”. Neno hilo wakati ule lilikuwa jina la mtu: mtu aketiye mezani na karatasi, penseli na mashine ya kujumlishia, akipokea vipimo vilivyotoka kwenye vyumba vya upepo ambamo mifano ya ndege hujaribiwa, akivigeuza kuwa majibu ya kutumiwa na wahandisi. (Waliopendekeza kwa Kiswahili neno tarakilishi walilitia moja kwa moja upande wa chombo, Kiingereza kilianza na mtu, kisha kikamvua jina kikauvisha mtambo.)

Wanawake weusi walitengwa katika ukumbi wao, upande wa magharibi wa maabara, wakiwa na choo chao na meza yao ya chakula. Mwaka 1949 Vaughan aliwekwa kuwa mkuu wa kitengo hicho, mtu mweusi wa kwanza kushika ukuu katika taasisi hiyo. Kwa miaka karibu tisa yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa. Mhandisi aliyekuwa na kazi ngumu alimwendea yeye amteulie mtu wa kuiweza.

Kisha ikaja mitambo ya hesabu ya umeme. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa FORTRAN, lugha ya kuuamrisha mtambo kwa maneno na alama zinazokaribiana na zile za hisabati. Vaughan akajifunza lugha hiyo, akawafundisha na wenzake. Mwaka 1958 taasisi ikageuzwa kuwa NASA, vitengo vya ubaguzi vikafutwa, na cheo chake kikafutwa pamoja navyo. Hapa pana fundo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Kufutwa kwa kitengo cha watu weusi kulikuwa haki, haki iliyochelewa. Na haki hiyo hiyo ndiyo iliyomvua ukuu. Akaingia kitengo kipya, weupe kwa weusi, wanaume kwa wanawake, akiwa mwandishi wa programu miongoni mwa waandishi wa programu, katika umri ambao wengi huanza kuhesabu miaka ya kustaafu.

Hata hivyo, hakuingia mikono mitupu. Mtambo ukitoa jibu la uongo haujui kwamba umedanganya, bali aliyekokotoa kwa mkono miaka 15 hujua jibu lilipaswa kuwa la ukubwa gani. Mwaka 1962 John Glenn, kabla ya kurushwa kwenda kuizunguka dunia, alitaka hesabu za mtambo zihakikiwe kwa mkono na Katherine Johnson, ambaye aliwahi kuwa chini ya Vaughan katika ukumbi ule wa magharibi.

Wapenzi wa tenzi hawana haja ya kwenda Virginia kulifahamu hilo. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa kabla ya shule za kikoloni kuzisimamisha za Kirumi. Mtu aliyenakili tenzi tangu ujana wake alijikuta, mbele ya karatasi ya serikali, hajui kusoma. Wengine walikataa herufi mpya, na hawapaswi kulaumiwa. Wengine walijifunza wakiwa watu wazima, na hao ndio waliofaa zaidi wakati wa kuzihamisha tungo, kwani maandishi yale ya kale hayakutofautisha e na i, wala o na u. Hati peke yake haikutosha. Ilihitajika mtu aliyekwisha kuusikia ubeti ukighaniwa ndipo neno liandikwe lilivyo. Kijana aliyejua herufi za Kirumi tu angeweza kuandika upesi, na kukosea upesi.

Basi mtu mzima haachi maarifa mlangoni. Anaacha cheo, na maarifa anaingia nayo. Linabaki suala la wale wanaomtaka akiache. Amri ya “jifunzeni au mtaachwa” hutolewa kwa wepesi na watu wasioulipia usiku wa anayejifunza, na mwenye umri huo usiku wake una mengi: ada za watoto, mzee mgonjwa chumba cha pili, macho yenyewe yaliyoanza kuhitaji miwani. Kujikunja ni wajibu anaoweza mtu kujitwisha. Kumtwisha mwenzio, kisha akishajikunja usimrudishie nafasi yake, ni dhuluma hata kama imeitwa maendeleo.

Vaughan alitarajia kupewa tena uongozi. Hakupewa. Aliandika programu, akashiriki katika kazi ya roketi ya Scout, akastaafu mwaka 1971. Mtu anaweza kuuliza kama alijifunza bure, na jibu ni hapana: kazi aliifanya vizuri, na wenzake aliowafundisha walipata mahali pa kusimama mitambo ilipochukua meza zao. Lakini yale aliyoyapata na yale aliyonyimwa hayafutani. Alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 98. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumtunuku nishani ya dhahabu mwaka 2019. Wanaomtolea mfano karani wa taipureta hupenda kukomea pale mama huyu alipoifahamu FORTRAN. Karani ana haki ya kusimuliwa na miaka ile mingine, kati ya 1958 na 1971.