Hamu ya Sikio na Uzito wa Mfuko

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema subira yavuta heri. Ya pili yaonya kuwa ngojangoja huumiza matumbo. Aghalabu twazitumia kwa zamu, kila moja pale inapotufaa, tukalikwepa swali lililo baina yake: ni kitu gani kinachostahiki kungojwa, na ni kipi ambacho kukingoja ndiko kukipoteza? Nakusudia kulitazama swali hilo kupitia jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni hamu ya wapenzi wa muziki ya kuvipata vigeuzi vya sauti vya hali ya juu.

Kwa asiyekijua chombo hiki, na tuanzie hapo. Sauti iliyohifadhiwa katika simu, katika kompyuta au katika sahani ya CD haikai humo kama sauti; hukaa kama nambari. Katika CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, kila sekunde ya wimbo imepimwa mara 44,100 katika kila mkondo, na kila kipimo huangukia kwenye mojawapo ya ngazi 65,536. Kazi ya kigeuzi ni kuzisoma nambari hizo na kuzirudisha ziwe umeme unaopanda na kushuka, ambao amplifaya huukuza na spika huufanya hewa inayotikisika. Kimo ndani ya kila simu ipigayo muziki, kidogo kuliko ukucha, na mwenye simu hana habari nacho. Lakini kwa mpenzi wa kusikiliza, kigeuzi ni chombo cha kusimama peke yake, chenye kasha la chuma na bei ya kutisha. Vipo vya maelfu ya dola, na vipo vya makumi ya maelfu.

Mpenzi huyo, awe Dar es Salaam, Mombasa au Maskati, ni mtu wa kungoja. Hungoja toleo jipya, kisha bei ishuke, kisha atokee msafiri wa kumbebea. Mwezi Oktoba 2020 kiwanda cha kampuni ya Asahi Kasei kilichoko mji wa Nobeoka, Japani, kiliungua. Humo ndimo zilimotengenezwa chipu zilizotumiwa na mafundi wengi wa vigeuzi duniani. Chipu zikaadimika, mafundi wakalazimika kuvisanifu upya vyombo vyao, na wateja waliokuwa wakihesabu wiki wakaanza kuhesabu miezi. Moto wa mji mmoja ukarefusha subira ya masikio ya dunia nzima.

Sisi wa huku Mtwara kungoja tumekuzoea. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ilikuja na ikang'olewa, sisi tukabaki na bandari iliyofunguliwa mwaka 1954. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji tulilipata mwaka 2003. Kabla yake, masika yalipokolea, kipuri cha redio kilichoagizwa Dar es Salaam kilikuwa na safari ndefu kama ya hujaji. Mwaka 2013 watu wa mji huu waliingia barabarani kwa ajili ya gesi ya Mnazi Bay, kwa kuwa waliona wanaambiwa wangoje tena. Basi mtu wa Chikongola akisikia neno subira, halisikii kama alisikiavyo mtu aliyepata kila kitu kwa wakati wake.

Na tuitazame bei kwa mizani tuijuayo. Katika msimu wa korosho wa mwaka 2018 Serikali ilitangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Dola moja wakati huo ilikuwa karibu shilingi 2,300. Kigeuzi cha dola 1,000, ambacho kwa wajuzi ni cha daraja la kati tu, kilikuwa sawa na karibu kilo mia saba za korosho ghafi, kabla ya nauli, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kilo mia saba ni mikorosho mingi, ni palizi na kupulizia dawa, ni migongo iliyoinama kuokota. Mwaka huo huo kampuni ya Apple iliuza kiunganishi kidogo cha visikizio kwa dola 9. Ndani yake mlikuwa na kigeuzi, na waliokipima kwa mitambo walikiri kuwa ni safi kupita bei yake. Hicho kilikuwa sawa na kilo sita na ushei.

Je, kilo mia saba zasikika kuliko kilo sita? Hapa elimu haina huruma na tamaa zetu. Mrusi Kotelnikov mwaka 1933, na Mmarekani Shannon mwaka 1949, walithibitisha kwa hesabu kuwa wimbi likipimwa kwa kasi inayozidi mara mbili ya mtikisiko wake wa juu kabisa, laweza kurudishwa kamili, bila pengo baina ya kipimo na kipimo. Sikio la kijana mzima hufika kiasi cha mitikisiko 20,000 kwa sekunde; vipimo 44,100 vyamtosha. Tena umri nao hupunguza. Wengi wetu tuliovuka hamsini hatusikii tena yaliyo juu ya elfu kumi na nne, pengine hata kumi na mbili. Mtu huweza kuikusanya akiba kwa miaka ishirini ili anunue mitikisiko ambayo, siku ya kuipata, sikio lake limekwisha kuiaga.

Yawezekana msomaji ameanza kuhisi kuwa naelekea kuhubiri kutosheka. La. Mahubiri hayo nayaogopa. Kumwambia maskini atosheke ni rahisi mno, hasa kwa anayesema hivyo akiwa ameketi mbele ya chombo chake kizuri. Pana kutosheka kwa mtu aliyepima na kujua, na pana kutosheka kwa mtu aliyenyimwa akafundishwa kuita kunyimwa kwake adabu. La kwanza ni hekima. La pili ni dhuluma iliyovishwa kanzu. Mvuvi wa Msimbati akiutamani mtumbwi bora kuliko alio nao, hatumwiti mlafi. Vivyo hivyo apendaye qanuni aitamani kuisikia kila uzi ukitetema mahali pake. Hamu yake ni heshima kwa mpigaji. Kosa haliko katika hamu. Twapaswa kuuliza hamu hiyo imeelekezwa wapi.

Na tumkumbuke Siti binti Saad. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya Gramophone, na santuri zao zikarudi na kuenea pwani nzima. Gramafoni haikuwa chombo cha kila nyumba. Wengi waliisikiliza migahawani na barazani, wamebanana, kikombe cha kahawa mkononi. Chombo kilikuwa cha mmoja. Sauti ilikuwa ya mtaa. Hakuna aliyesema kuwa asiye na gramafoni hana haki ya kumjua Siti. Uwezo wa kununua ulikuwa na mpaka, lakini usikivu haukuwekewa ua. Kigeuzi cha leo kimekuja na visikizio vyake, kila mtu na masikio yake, na kwa hiyo swali la uwezo limekuwa kali zaidi: kisichonunuliwa na mmoja hakisikiwi na wawili.

Lakini santuri ya Siti yatufunza jambo la pili, lililo zito zaidi. Kile ambacho kinasa sauti cha Bombay hakikukinasa, hakuna kigeuzi duniani, kiwe cha dola 9 au cha dola 90,000, kitakachokirudisha. Mkwaruzo wa santuri twaweza kuupunguza. Pumzi isiyoingia imekwenda. Kumbe vigeuzi ni viwili, nasi twakiimba kimoja tu. Kimoja hugeuza nambari kuwa sauti, nacho ndicho wanachokiota wapenzi. Cha pili hugeuza sauti kuwa nambari, nacho huwekwa mlangoni, pale kanda ya zamani inapoingizwa katika kompyuta. Kosa la yule wa kwanza husahihishwa kesho, kwa kununua kingine au kuazima cha jirani. Nambari zipo palepale, zangoja. Kosa la yule wa pili huandikwa moja kwa moja. Atakayekuja baada yetu na chombo cha ajabu atalisikia kosa hilo kwa uwazi wa ajabu.

Hapa naona jibu la swali nililoanza nalo. Kinachostahiki kungojwa ni kile kisichopungua kwa kungojwa. Kigeuzi cha kusikilizia hakipungui. Kila mwaka huwa bora na bei yake hushuka. Kanda hupungua. Ndani ya makabati ya Mtwara, Mikindani na Lindi, kama yalivyo ya Unguja na Pemba, zimo kaseti za harusi, za maulidi, za ngoma za sindimba, za washairi waliojibizana usiku kucha. Unga wa sumaku ulioshikishwa juu ya utepe huachia kwa unyevu, na pwani yetu ina unyevu wa kugawa. Ukungu huingia, utepe hugandana. Tena mashine za kuzichezea zaadimika. Mwaka 2019 UNESCO, kwa pamoja na jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, zilitoa tahadhari kuwa kiasi cha mwaka 2025 kuzihamisha kanda hizo kwa desturi ya kazi kungekoma karibu kila mahali, kwa kukosa mashine na vipuri. Mwaka huo umefika. Hapa subira haivuti heri, yavuta kimya.

Na la kufurahisha ni kwamba mlango huu hauhitaji makumi ya maelfu. IASA yapendekeza kwa uchache vipimo 48,000 kwa sekunde na biti 24, na kifaa cha kufanya hivyo kwa uaminifu chapatikana kwa dola mia moja au mia mbili. Kinachozidi kutakiwa ni mashine nzuri ya kaseti na fundi mwenye bisibisi na subira, ajuaye kukielekeza kichwa cha kusomea mpaka kilingane na utepe. Kichwa kikikaa upande, sauti huwa kama mtu asemaye nyuma ya mlango, na hakuna nambari itakayomfungulia. Gharama hiyo upatu wa watu kumi waweza kuibeba katika msimu mmoja, chombo kikawa cha mtaa kama gramafoni ilivyokuwa.

Mimi ni mfasiri, na kazi ya kugeuza naijua kwa upande wa uchungu. Shairi likitoka lugha moja kwenda nyingine huvuja. Hakuna Kotelnikov wa maneno, wala hesabu iliyothibitisha kuwa mizani fulani yatosha kurudisha kila kitu. Ndiyo maana nautazama ugeuzaji wa sauti kwa wivu kidogo. Wao wamepewa neema ambayo sisi hatukupewa: wakipima vya kutosha, sauti yaweza kuvuka ng'ambo na kurudi ikiwa ileile. Mwenye neema kama hiyo akiitumia kung'arisha nyimbo ambazo dunia imekwisha kuzihifadhi mara elfu, akaiacha sauti ya mshairi wa mtaa wake ioze ndani ya sanduku, hatuwezi kumlaumu kwa kupenda kizuri. Twaweza kumuuliza tu amekipenda kwa ajili ya nani.

Basi mwenye hamu na aendelee kuwa nayo, na siku mfuko wake utakaporuhusu, anunue, na awaite jirani zake wasikilize. Lakini kama fedha ni za mlango mmoja tu, na iwe ule wa kuingilia. Sikio laweza kungoja. Utepe hauwezi.