Vifundo Milioni Ndani ya Figo

Njoo tuitazame figo, msomaji mwenzangu. Haizidi ngumi kwa ukubwa, wala hatuisikii ikifanya kazi usiku na mchana. Lakini ndani yake Muumba amesokota mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele, akaifunga vifundo vifundo, yapata milioni 1 katika kila figo. Marcello Malpighi, tabibu wa Italia aliyevieleza mwaka 1666, aliviona kwa hadubini vikining'inia kwenye mishipa kama matufaha mtini.

Ukuta wa kila kimshipa ni seli moja tu kwa unene, umejaa vitundu, na upande unaogusa damu umeota utando laini kuliko malaika ya mkono wa mtoto mchanga. Hapo ndipo maji ya damu huchujwa, lita 180 kwa siku, na karibu yote yakarudishwa mwilini, zikabaki lita 1 au 2 za mkojo. Taka ikatoka, protini ikazuiwa. Ustadi ulioje!

Sukari nayo ni neema, maana ubongo huishi kwayo. Lakini kikulacho ki nguoni mwako: ikizidi damuni miaka nenda miaka rudi, utando ule hunyauka, ukuta hunenepa na kukakamaa, na protini iliyokuwa ikilindwa huanza kuvuja, hata mkojo ukafanya povu. Tena figo ikidhoofika, mishipa ya moyo nayo huumia.

Mimi hustaajabia zaidi vifundo vinavyosalia. Vingine vikifa, hivi hutanuka na kuubeba mzigo wote kimya kimya, hata mtu akapoteza nusu ya nguvu za figo zake asihisi lolote; siri hiyo hufichuliwa na vipimo vya mkojo na damu. Ila mzigo huo huongeza shinikizo ndani ya kila kifundo, navyo huchakaa kabla ya wakati.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Aliyevifunga vifundo hivi aliiweka nafuu yake kinywani mwa nyoka! Huko Brazil yuko jararaca, ambaye sumu yake huangusha shinikizo la damu la aliyeumwa. Kwa kuichunguza sumu hiyo, wanasayansi walitengeneza dawa ya kaptoprili, na utafiti wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba inapunguza kasi ya figo kuharibika kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza.