Sare ya Kujinunulia

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha sita ikishamalizika, Jeshi la Kujenga Taifa hutoa tangazo. Ndani yake kuna majina, kambi, tarehe ya kuripoti, na orodha ya vitu. Bukta ya bluu iliyokoza, inayofika magotini, isiyo na zipu. Fulana ya kijani. Raba za michezo. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Trakisuti. Nguo za baridi kwa aliyepangiwa mkoa wa baridi.

Wengi wenu mnaosoma hapa mmewahi kuifungua orodha hiyo kwenye simu na kuanza kupiga hesabu. Utaratibu huu wa kwenda JKT kwa mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013, kwa hiyo ni jambo la kizazi chetu. Swali langu ni hili: mtu akiitwa na taifa kwa amri ya sheria, nani anapaswa kumvika?

Kwetu Ngaramtoni orodha ile hutimizwa mnadani, Alhamisi na Jumapili, kwenye marundo ya mitumba. Mama mmoja jirani yetu aliuza debe mbili za maharage ili kijana wake aende kambini akiwa amekamilika. Nilimsalimia akiwa amezikumbatia zile shuka mbili. "Marahaba mwanangu," akasema, "serikali imemwita, sasa mimi namvalisha." Alisema kwa fahari, wala hakukuwa na lalamiko ndani yake.

Najua jibu linalokuja haraka. Shuka ni kitu gani? Mwanafunzi wa bweni naye hupeleka godoro. Harusini tunanunua sare kwa fedha zetu, tena kwa furaha, na hakuna anayesema bwana harusi ametudhulumu. Jibu hilo lina uzito. Lakini harusini asiye na fedha ya kitenge hukaa nyumbani, au huja na gauni lake la zamani, na ndoa inafungwa vilevile. Aliyeitwa kwa sheria hana nafasi hiyo. Tena shuka ikichanika, hasara ni usingizi wa usiku mmoja. Kuna vitu vingine ambavyo vikichanika anayechanika ni mtu.

Kuna jirani yetu mwingine aliyepitia mafunzo ya mgambo, kisha akaajiriwa na kampuni moja ya ulinzi. Fedha ya buti ilikatwa kwenye mshahara wake wa kwanza. Koti la baridi alijinunulia, na anayeijua Juni ya chini ya Mlima Meru anajua kwamba lindo la usiku bila koti ni ugonjwa. Tochi pia ilikuwa yake. Usiku mmoja wezi waliingia, betri ikawa imekwisha, naye akapigwa panga la mkono gizani. Asubuhi swali la kwanza aliloulizwa na mkubwa wake lilikuwa: kwa nini tochi yako haikuwaka?

Tochi *yako*. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Tunaposikia askari amejinunulia vifaa, tunahesabu fedha zilizomtoka, tunasikitika au tunamsifu. Lakini fedha ndiyo sehemu ndogo. Pamoja na kifaa amenunua pia lawama. Kifaa cha kupewa kikishindwa, aliyekitoa ana swali la kujibu. Kifaa cha kununua kikishindwa, mwenye kidonda ndiye anayeulizwa.

Wapo watakaosema nchi maskini haina namna, na watanikumbusha Kagera. Nakubali kwamba Kagera ni mfano mzito. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka Oktoba 1978, jeshi letu lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Katika muda mfupi likapita 150,000, wakiwamo mgambo. Hakuna bajeti ya nchi yetu ambayo ingeweza kuwatosheleza watu wote hao. Magari ya watu binafsi yakachukuliwa, wananchi wakatoa ng'ombe na vyakula. Babu yangu alitoa dume moja, na hadi anazeeka hakuwahi kulidai.

Lakini tazama dume lile lilipita njia gani. Babu hakumpa askari mmoja aliyekuwa mtoto wa ndugu yake. Alilitoa kwa viongozi, likaandikwa, likaenda kwa jeshi zima. Nchi ilisimama hadharani ikasema haina vya kutosha, ikaomba, ikapokea, kisha ikagawa. Wajibu ulibaki kwa mgawaji. Huo ndio mchango. Kumwacha kila askari aangalie mfuko wake ni jambo jingine kabisa, hata kama vyote viwili tunaviita uzalendo.

Wala si suala la umaskini peke yake. Desemba 2004, askari wa Marekani waliokuwa Kuwait wakisubiri kuingia Iraq walikutana na waziri wao wa ulinzi, Donald Rumsfeld. Mmoja alisimama akamuuliza kwa nini wanalazimika kuchokora majalala wakitafuta vyuma chakavu vya kukinga magari yao. Waziri akajibu, kwa maana yake, kwamba unakwenda vitani na jeshi ulilonalo. Hilo ni taifa tajiri kuliko yote duniani, na familia za askari zilikuwa zikinunua fulana za kuzuia risasi na kuwatumia vijana wao. Mwaka huohuo Bunge lao likaruhusu askari aliyejinunulia kinga arudishiwe hadi dola 1,100. Fedha zile zilikuwa na maana kuliko kiasi chake, kwa sababu kumrudishia mtu ni kukiri kwamba ulikuwa unadaiwa.

Kiswahili chenyewe kimeshatoa hukumu hapa. Timu mbili zikifungana bao moja kwa moja tunasema zimetoka sare. Neno ni lilelile. Nguo ya askari inaitwa sare kwa kuwa inawafanya wawe sawa, mtoto wa muuza maharage na mtoto wa mwenye hoteli mjini. Mfuko wa nyumbani ukianza kuamua nani ana buti inayozuia maji na nani ana kofia isiyopasuka, wote wataonekana wamevaa sare lakini kilicho chini ya nguo kitakuwa kimetofautiana. Na hatari wanayotumwa kuikabili ni moja.

Tena dola yenyewe inajua nguo hii ni ya nani. Agosti 2023, JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha. Sina ugomvi na amri hiyo. Inatokana na imani kwamba vazi lile si mali ya anayelivaa, ni mali ya nchi. Basi imani hiyo ifuatwe hadi mwisho wake. Kitu ambacho raia haruhusiwi kukimiliki, askari naye asilazimike kukinunua.

Je, anayejinunulia anakosea? Hapana. Mlinzi wetu hangeweza kungoja koti la mwajiri huku umande ukimmaliza, na hakuna mama atakayemwacha mwanawe aende miguu wazi ili kuthibitisha hoja. Ninachokikataa ni makofi tunayompigia. Tukimsifu muuguzi aliyejinunulia glavu, mwalimu aliyejinunulia chaki na askari aliyejinunulia buti, tukaishia hapo, tunamsaidia mdaiwa asahau deni lake.

Afadhali tuwe na desturi ya kuandika. Anayelazimika kununua kifaa cha kazi ya hatari atunze risiti, aiwasilishe, na aliyemtuma aweke sahihi kwamba ameiona, hata kama hana shilingi ya kumrudishia leo. Sahihi hiyo haitamkinga mtu na panga. Lakini siku tochi itakapogoma kuwaka, itajulikana swali aulizwe nani.