Nani Alipie Daftari la Nyota?



Jumapili moja baada ya ibada, kijana wa kidato cha sita, mjukuu wa jirani yangu, alinijia akaniamkia, kisha akaniuliza: “Mwalimu, nimesoma ya kuwa huko Marekani wametumia karibu miaka ishirini kunakili picha za nyota zilizopigwa hata kabla babu yangu hajazaliwa. Fedha hizo si zingenunua dawa?” Nikamwambia swali lake ni la haki, anipe muda. Leo namjibu, na wengine msikilize.

Picha anazozisema ni za Chuo Kikuu cha Harvard. Tangu miaka ya 1880 wataalamu wa huko walipiga picha za anga juu ya vioo, vikafika zaidi ya laki tano. Si vyote vilipigwa Marekani. Vingi vilitoka Arequipa, nchini Peru, na mwaka 1927 kituo hicho kilihamishiwa Bloemfontein, Afrika Kusini. Kazi ya kuvichunguza ilifanywa hasa na wanawake, kwa ujira mdogo. Mmoja wao, Henrietta Leavitt, alilinganisha vioo vya Peru, na mwaka 1912 akaonyesha kwamba nyota za aina fulani ambazo mwanga wake hupanda na kushuka, kadiri zinavyong'aa zaidi ndivyo zinavyochukua siku nyingi kumaliza mzunguko huo. Kwa kanuni hiyo watu wakapata kamba ya kupimia umbali wa mbinguni.

Tena, mwaka 1963 Maarten Schmidt alitambua kwamba kitu kiitwacho 3C 273, kilichoonekana kama nyota ya kawaida, kiko mbali mno nje ya kundi letu la nyota. Wataalamu wengine wakaenda kwenye vioo vya Harvard, wakakiona humo, na wakafuata jinsi mwanga wake ulivyobadilika kwa zaidi ya miaka sabini. Aliyepiga picha za kwanza hakujua kabisa alichokuwa akikiweka akiba. Basi ndiyo sababu siwezi kumwambia mtu achague vioo vya kutunza na vya kutupa. Darubini mpya, hata iwe kubwa kama mlima, haiwezi kupiga picha ya usiku wa mwaka 1890.

Haya mimi niliyajua kwa njia ya uchungu. Katika chuo kimoja cha ualimu nilikofundisha, tulikuwa na kipimamvua. Kila asubuhi saa tatu mwanafunzi wa zamu alisoma milimita akaandika daftarini. Nilikuwa mkali sana juu ya jambo hilo; aliyekosa zamu alifyeka majani. Miaka mingi baada ya kustaafu nilirudi kuyaona yale madaftari. Stoo ilikuwa imevuja, mchwa wamekula, na yaliyobaki mpishi alikuwa amewashia moto. Simlaumu mpishi. Hakuna aliyemwambia, wala hakuna aliyepewa ufunguo na jukumu. Tulilipia kipimo, hatukulipia kabati.

Sasa, kabati hilo nani alipie? Wengine husema aliyepima. Lakini mtu hustaafu, naye hufa. Wengine husema chuo chenye jengo. Harvard ni chuo tajiri, hata hivyo miaka ya 1950 fedha zilipobanwa upigaji wa picha ulisimama zaidi ya miaka kumi, na pengo hilo halizibiki. Na Januari 2016 bomba kubwa la maji lilipasuka, likalowesha vioo vipatavyo 61,000. Ikabidi vigandishwe kwa baridi ili visiote ukungu, ndipo visafishwe. Wengine husema wafadhili. Ni kweli, mjane Anna Draper alitoa mali yake kwa ajili ya kazi hii kumkumbuka mumewe, nasi tumshukuru. Lakini wafadhili wa namna yake ni wachache. Wengi hupenda jina lao liandikwe juu ya darubini. Sijamwona anayetaka liandikwe juu ya rafu.

Kwa maoni yangu, serikali zinazojenga darubini ndizo zipaswazo kulipa, na fedha za kutunza ziwekwe tangu siku ya kuchora ramani, si kuombwa baadaye kama sadaka. Nchi za Ulaya zilizoungana kujenga darubini kubwa huko Chile zina ghala la kumbukumbu Ujerumani, na kwa kawaida baada ya mwaka mmoja mtu yeyote duniani huruhusiwa kuzitumia. Huo ndio mfano. Hata darubini ya redio ya Arecibo iliyoanguka tarehe 1 Desemba 2020, kumbukumbu zake zilihamishiwa Texas, kwa hiyo kazi yake haikuzikwa pamoja na vyuma.

Na ile ruhusa ya wote kutumia si hisani. Anga ya Bloemfontein ilipigwa picha Afrika, vioo vikapelekwa ng'ambo. Mwanafunzi wa Dodoma au Maseno akiweza leo kuvisoma kwa kompyuta bila kulipa, deni limeanza kulipwa. Vinginevyo tungekuwa na haki ya kunung'unika.

Nikirudi kwa dawa: kama shilingi ni moja tu na mtoto anaumwa usiku huu, shilingi ni ya mtoto, nami sitabishana. Lakini shilingi ya rafu ikiondolewa, kijana wangu, haiendi zahanati. Huenda kwenye darubini nyingine mpya, nayo itajaza madaftari mengine yasiyo na kabati.

Kijana alinisikiliza, akaniuliza kama lipo daftari lolote la mvua lililosalia. Yapo mawili, na kurasa kadhaa zimeliwa pembeni. Jumamosi atakuja na simu yake tuzipige picha.